Bwawa la bustani la ukuta wa mawe: shajara ya ujenzi

Mpango, kabla ya jembe

Bwawa ni la mstatili, nusu limezikwa na nusu limesimama juu ya ardhi. Kwa ndani lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na maji yatafika kina cha sentimita 90. Ukuta una kimo cha mita 1: sentimita 40 chini ya ardhi, 60 juu. Hesabu ya ujazo haina shida: 3 × 2 × 0.9 ni mita za ujazo 5.4, yaani lita 5,400, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo tani tano na ushee zitakaa hapo usiku na mchana, na sehemu kubwa itakuwa juu ya usawa wa ardhi, haina udongo wa kuiegemea.

Uzito huo ndio ulioamua mengine yote. Jiwe linabeba vizuri mzigo unaoshuka juu yake, lakini ukuta wa mawe matupu ukisukumwa kutoka ubavuni unafunguka kwenye viungo. Ndiyo maana nimegawa kazi kwa matabaka matatu. Tofali la saruji lenye nondo litabeba msukumo. Mpira wa bwawa, yaani shuka la mpira linalotandazwa ndani, utazuia maji. Jiwe litauvisha ukuta kwa nje, na halitadaiwa zaidi ya hapo. Ninasisitiza mgawanyo huu kwa sababu mabwawa mengi yanayovuja au kupasuka yalijengwa kwa matumaini kwamba tabaka moja litafanya kazi mbili: lipu izuie maji na wakati huohuo ifuate kila mtikisiko wa ukuta, au jiwe lipendeze na papo hapo lizuie tani za maji.

Msukumo wenyewe unategemea kina, wala hautegemei bwawa lina urefu gani. Kwenye sentimita 90, maji ya chini kabisa yanasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 900 kwa kila mita ya mraba. Ukijumlisha kutoka juu hadi chini, kila mita ya urefu wa ukuta inapokea kama kilo 400. Kina kikiongezwa mara mbili, msukumo unapanda mara nne. Nilishauriwa nishuke hadi mita moja na nusu ili samaki wapate maji baridi, nikakataa. Ukuta wa namna hiyo unahitaji hesabu za mhandisi. Huu wangu unabaki ndani ya uwezo wa tofali la kawaida lililofungwa vizuri.

Vipimo vya ndani nimevipatanisha na tofali. Tofali langu lina sentimita 39 kwa 19 kwa 19, likiwekewa kiungo cha sentimita moja linahesabika kama 40 kwa 20. Kwa nje ukuta wa tofali unakuwa mita 3.4 kwa 2.4. Kila kozi, yaani safu moja ya tofali kuzunguka bwawa, inakula matofali 27, kozi ni tano, jumla 135, na kitu pekee cha kukata ni nusu tofali hapa na pale. Anayechora bwawa lake kwanza kisha akatafuta tofali la kulifuata atashinda na grenda kutwa nzima.

Mahali pamechaguliwa kwa jua. Yungiyungi halitoi maua ya maana bila saa sita hivi za jua kwa siku. Pia nimekaa mbali na mti mkubwa wa karibu, kwa ajili ya mizizi na kwa ajili ya majani, ambayo yakizama yanaoza na kula hewa iliyomo majini.

Jumamosi: kupima na kuchimba

Jamvi la zege, sakafu inayobeba ukuta, litakuwa mita 4 kwa 3, ili litokeze sentimita 30 nje ya tofali kila upande. Utokezo huo ndio kitako cha mawe. Nimefurahia vipimo hivi kwa sababu nyingine pia: mstatili wa 4 kwa 3 una ulalo wa mita 5 kamili, kwa hiyo kanuni ya tatu-nne-tano imo ndani ya umbo lenyewe. Vigingi vinne, kamba, futi kamba kutoka pembe hadi pembe. Ulalo wote ukisoma mita 5, pembe ziko sawa, hakuna haja ya kubahatisha.

Shimo limeshuka sentimita 65: arobaini za ukuta, kumi na tano za jamvi, kumi za kifusi cha mawe kilichoshindiliwa. Udongo wa juu, ule mweusi, umewekwa pembeni kwa ajili ya matuta ya maua. Wa chini ni mwekundu na mzito, huo utarudi kuzunguka ukuta. Mtu asidharau wingi wa udongo. Zaidi ya mita za ujazo 8 zimetoka, na udongo ukishachimbwa unavimba, kwa hiyo mlima uliopo sasa ni mkubwa kuliko shimo lenyewe.

Sakafu ya shimo tumeishindilia kabla ya kifusi na baada yake. Kona moja ilikuwa laini, tumeichimba zaidi na kuijaza kifusi badala ya kuirudishia udongo. Jamvi linaweza kukaa juu ya ardhi ngumu, linaweza hata kukaa juu ya ardhi laini kiasi, ila lisikae nusu kwenye ngumu na nusu kwenye laini, kwa sababu hapo ndipo linapovunjika.

Nondo na jamvi

Wavu wa chini ni nondo za milimita 10 kila sentimita 20 pande zote mbili, zimeinuliwa kwa vitofali vidogo vya saruji vya sentimita 5 ili zege lizifunike kutoka chini. Kutoka kwenye wavu huo zinasimama nondo za milimita 12 zilizokunjwa umbo la L, mguu wa nusu mita umelazwa ndani ya jamvi, mwili unapanda hadi karibu na kichwa cha ukuta.

Kazi ya kweli ya siku hii ilikuwa kuziweka nondo za wima mahali pake. Kila moja, kila baada ya sentimita 40, lazima iangukie katikati ya tundu la tofali ambalo bado halijawekwa. Tumepanga kozi nzima ya kwanza kavu juu ya mbao, tukaweka alama kwa chokaa palipo na tundu, tukaondoa tofali, ndipo tukafunga nondo kwa waya. Zimesogezwa kidogo upande wa maji. Ukuta ukisukumwa kwenda nje, uso wake wa ndani ndio unaovutwa, na zege likivutwa halina nguvu. Chuma kinafaa kuwa upande huo.

Zege ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Jamvi limechukua mita za ujazo 1.8, mifuko ya saruji ya kilo 50 ikawa kumi na miwili hivi. Maji ya kuchanganyia tumeyabana. Zege lililolegea linamwagika kwa raha na fundi anachoka kidogo, lakini maji ya ziada yakishakauka yanaacha vinyweleo. Tumemwaga kwa mfululizo bila kusimama, ili pasiwe na mstari kati ya zege la asubuhi na la jioni.

Baada ya hapo, magunia yaliyoloweshwa juu yake kwa wiki nzima, yanamwagiwa maji asubuhi na jioni. Zege huongeza nguvu kwa kunywa maji, kwa hiyo jua likilikausha mapema linabaki dhaifu. Likitunzwa hivyo, wiki moja linafika karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, na hiyo inatosha kuanza kupandisha tofali.

Kozi tano

Kozi ya kwanza ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko nyingine zote nne. Kona nne kwanza, kila moja kwa pima maji na timazi, halafu kamba kati yake. Ulalo wa tofali kwa nje umesoma mita 4.16 pande zote.

Usawa wa bwawa ni jambo la peke yake. Ukuta wa nyumba ukiwa na tofauti ya sentimita moja toka kona hadi kona, hakuna atakayeiona maisha yake yote. Kwenye bwawa maji yenyewe ni pima maji kubwa ya mita tatu: yanalala sawa, na ukuta uliopinda unaonekana dhahiri, upande mmoja mpira mweusi umetokeza na upande wa pili maji yanakaribia kumwagika. Kwa hiyo sikuiamini pima maji ya mkono peke yake. Tumetumia mpira mwembamba unaopenyesha mwanga, umejazwa maji, ncha moja imeshikwa kona ya kwanza na nyingine inazungushwa kona moja moja. Kifaa cha zamani, na kwa masafa kama haya hakidanganyi.

Tofali zenye matundu zinainuliwa juu ya nondo na kushushwa kama shanga kwenye uzi. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anashika, mwingine anaongoza. Kozi ya tatu na ya tano zimechongwa mfereji juu ya kuta za ndani za matundu, zikalazwa ndani yake nondo mbili za milimita 10 zinazozunguka bwawa lote bila kukatika kwenye kona. Hizi zinafanya mkanda wa zege ndani ya ukuta. Kwenye kona nondo zimekunjwa na kupitishana, hazikukutanishwa ncha kwa ncha, kwa sababu kona ndipo kuta mbili zinapovutana.

Kila kozi mbili, kila sentimita 60 kwa mlalo, tumeacha vifungo vya chuma cha pua vikitokeza nje kwenye kiungo. Hivyo ndivyo vitakavyoshika mawe. Chuma cha kawaida kisitumike hapa hata kwa kubana bajeti. Kinaota kutu, kutu inavimba, na inavimbia nyuma ya jiwe mahali usipoweza kufika tena.

Bomba la kutolea maji ya ziada, la milimita 50, limepitishwa kwenye kozi ya juu kabla halijajazwa zege. Liko juu kwenye usawa wa maji, halikai chini ya msukumo. Zaidi ya hilo, ukuta hauna tundu lingine lolote. Mabomba ya pampu yatapita juu, chini ya kofia ya ukuta, yaani mawe bapa ya kufunika kichwa chake. Kila tundu chini ya maji ni mlango wa kuvuja, na sijaona sababu ya kufungua mlango nisiouhitaji.

Kujaza matundu, kisha kusubiri

Zege la matundu linatumia kokoto ndogo na ni laini kidogo kuliko la jamvi, ili lifike chini. Tumejaza kwa hatua, tukichokoa kwa kipande cha nondo hadi mapovu yakaacha kutoka. Sauti inabadilika tundu linapojaa vizuri. Ukigonga tofali kwa mpini wa nyundo, palipo wazi panalia, palipojaa pananyamaza. Tumezunguka ukuta wote tukigonga.

Mvua imenyesha usiku huo, na ukuta ulikuwa umefunikwa turubai. Wiki iliyofuata haikuwa na la kuandika zaidi ya kumwagia maji.

Mawe

Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri, na ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu fundi wa mawe aliyekuja kunisaidia ana miaka mingi katika kazi hii na hana haraka.

Jiwe limefika kama tani tatu, vipande vya unene wa sentimita 8 hadi 12. Eneo la kuvisha linaloonekana ni karibu mita za mraba 7, na kila mita ya mraba inakula kilo 250 hivi. Jambo la kwanza alilofanya fundi ni kutolijenga hata moja. Ameyatandaza yote chini na kuyagawa kwa mafungu: yenye pembe mraba za asili, haya ni ya kona, marefu yaliyolala, makubwa ya wastani, na vijiwe vya kujazia. Fungu la mwisho ni la mawe yenye sura mbaya, hayo ameyatumia yote chini ya usawa wa ardhi, kuanzia kwenye kitako cha jamvi kupanda. Yanabeba sawasawa na mazuri, na hakuna atakayeyaona.

Nilimwonyesha jiwe moja pana lenye mishipa ya rangi ya kutu, nzuri kweli, nikamuuliza, "Fundi, hili si lingekaa katikati ya uso wa mbele?"

Akaligeuza mkononi. "Hili lina matabaka, bosi. Ukilisimamisha, maji yataingia katikati ya matabaka, litajimenya kama kitunguu. Lilaze."

Limelala sasa, upande wake mwembamba ndio unaoonekana, na mishipa ile inakwenda kwa mlalo kama ilivyokuwa ardhini. Tangu hapo kila jiwe lenye matabaka tumelilaza. Hasara ni kwamba uso mpana unafichika. Faida ni kwamba jiwe linadumu.

Kanuni ya viungo ni moja juu ya mawili, mawili juu ya moja. Kiungo cha wima kisipande mfululizo kupita mawe mawili, kwa sababu ufa ukitokea unafuata mstari huohuo uliouandalia. Kwenye kona mawe marefu yanapishana: moja linaelekea upande huu, la juu yake upande ule. Fundi anarudi nyuma hatua kadhaa baada ya kila mawe machache, anatazama, wakati mwingine anatoa jiwe lililokwisha kukaa. Hapimi kwa futi. Anatazama tundu lililobaki, anakwenda kwenye fungu, na mara nyingi anarudi na jiwe linaloingia bila kuguswa na nyundo. Nilipojaribu mimi, nilichonga mawili matatu kabla ya kupata moja. Mwisho wa siku jicho langu lilianza kuzoea, nikaanza kuona umbo la tundu kwanza, jiwe baadaye.

Udongo wa kujengea mawe, yaani mchanganyiko wa kuyagandishia, ni laini kuliko wa tofali: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa inaufanya ushike vizuri na uvumilie mtikisiko mdogo bila kupasuka. Mawe yaliyokauka juani tunayanyunyizia maji kabla, la sivyo yanafyonza unyevu wa udongo kabla haujashika. Nyuma ya kila jiwe, kati yake na tofali, kuna sentimita mbili hivi za udongo, na zimejazwa kweli kweli. Palipoachwa pengo maji ya mvua yatatuama. Kimo cha siku moja hakizidi nusu mita. Ukipandisha zaidi, uzito wa juu unaukamua udongo wa chini ambao bado mbichi, mawe yanaanza kuteleza nje.

Chini kabisa, juu kidogo ya usawa wa ardhi, tumeacha viungo vya wima bila udongo kila baada ya mita moja hivi. Maji yatakayoingia nyuma ya mawe yana pa kutokea.

Viungo tumevikwangua kwa ndani sentimita moja na nusu, udongo ulipofikia hali ya kumung'unyika kidoleni. Ukiwahi, unapaka matope juu ya jiwe. Ukichelewa, unakwangua zege. Halafu brashi ngumu, kavu. Madoa ya saruji kwenye jiwe yasioshwe kwa tindikali bila kujua jiwe ni la aina gani, kwa sababu jiwe la chokaa linayeyuka nayo. Ukuta sasa unaonekana kama umepangwa bila udongo, vivuli vimekaa kwenye viungo, na tofali la nyuma limepotea kabisa.

Ndani: kona, kitambaa, mpira

Ndani ya bwawa hakuna urembo, kuna ulaini tu. Matone ya udongo uliokauka yamekwanguliwa, ncha za waya zimekatwa na kufukiwa. Kona za ndani, za wima na za chini, zimejazwa udongo wa saruji na kuviringwa kwa chupa, ili mpira usivutwe kwenye pembe kali.

Kitambaa kizito cha kukinga kimetandazwa sakafuni na kuning'inizwa ukutani. Juu yake mpira wa EPDM, aina ya mpira wa sintetiki, wa unene wa milimita 1. Hesabu ya ukubwa wake: urefu wa ndani, kuongeza kimo cha ukuta mara mbili, kuongeza sentimita 60 za kukunjia. Inakuja mita 5.6 kwa 4.6, nikachukua 6 kwa 5. Uzito wake ni kilo thelathini na ushee. Tumeuacha juani saa moja ukalegea, kisha watu wanne wakauingiza, viatu vikiwa vimevuliwa.

Kwenye kila kona mkunjo ni mmoja mkubwa, umelazwa kwenye ukuta mrefu. Wengi wanagawa ziada katika vikunjo vingi vidogo, na kila kimoja kinabaki kikishika uchafu na kuinuka. Mmoja mkubwa, ukikunjwa vizuri, maji yenyewe yanaubana ukalala.

Maji ya kwanza

Maji yamepangiwa kuingia kwa hatua tatu. Theluthi ya kwanza, tukasimama, tukavuta mikunjo huku mpira ukijishikiza sakafuni. Kabla ya kuanza nilifunga kamba nje ya ukuta mrefu, milimita chache kutoka kwenye jiwe, kwa vigingi visivyogusa ukuta. Nilipima nafasi kati ya kamba na jiwe katikati ya ukuta, maji yakiwa theluthi, yakiwa theluthi mbili, na asubuhi iliyofuata. Nafasi haijabadilika kwa kiasi ambacho rula yangu inaweza kusoma. Nimepita pia na kidole kwenye viungo vya chini vilivyoachwa wazi. Vikavu.

Maji yamesimama theluthi mbili wakati kofia ya ukuta inawekwa.

Kofia ya ukuta

Mawe bapa ya unene wa sentimita 5, upana 40. Tofali, udongo na jiwe kwa pamoja vina 32, kwa hiyo kofia inatokeza sentimita 4 ndani na 4 nje. Kwa nje, chini ya utokezo, kila jiwe limechongwa mfereji mwembamba ili tone la mvua lidondoke, lisirudi kutambaa kwenye uso wa ukuta.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini. Mpira ukifunika kichwa chote cha tofali, kofia inakuwa imelala juu ya mpira, na udongo wa saruji haushiki kwenye mpira. Mtu akikaa ukingoni, jiwe linaweza kuchezacheza na baadaye kuteleza. Kwa hiyo mpira umelala sentimita 10 tu za upande wa maji, kisha ncha yake imesimamishwa ndani ya udongo nyuma. Nusu ya nje ya tofali na kichwa cha jiwe viko wazi, kofia imeshika hapo moja kwa moja. Ncha iliyosimama ni muhimu pia: udongo na mawe vinanyonya maji kama utambi, na mpira ukiishia chini umelala tu, bwawa linajipunguza polepole bila kuwa na tundu lolote.

Wakati wote wa kazi hii maji yalifunikwa nailoni. Maji ya saruji mbichi yana pH (kipimo cha tindikali na magadi) ya 12 hivi, na samaki wanataka kati ya 7 na 8.5. Kofia iliposhika tulisugua ukingo wa ndani, tukaosha, tukayatoa maji yale yote bustanini na kuanza upya. Lita zaidi ya elfu tatu si kidogo, ila matuta yalikuwa na kiu na hakuna kilichopotea.

Kupungua kwa maji

Bwawa jipya likijaa, ndani ya siku chache usawa unashuka, na mtu anaanza kushuku mpira. Jibu ni ndoo. Nimeweka ndoo yenye maji juu ya tofali ndani ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yakiwa usawa mmoja, nikachora mstari kwenye ndoo na mwingine kwenye mpira, pampu ikiwa imezimwa. Vyote viwili vikishuka sawa, ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Vimeshuka sawa.

Pampu na mimea

Pampu inatakiwa kuzungusha maji yote kwa saa mbili, yaani lita 2,700 kwa saa, na hiyo ni baada ya kuondoa kinachopotea kwa kuyapandisha hadi kwenye chujio. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi iwe kubwa zaidi ya hapo. Umeme umefungwa na fundi umeme mwenye leseni, na kuna swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Maji na umeme vikiwa pamoja bustanini, hiyo swichi siyo ya hiari.

Maji ya bomba yenye klorini ya kawaida yanaachwa siku chache yakichezeshwa na pampu, klorini inaondoka. Yaliyotiwa kloramini, klorini iliyounganishwa na amonia, hayajisafishi hivyo, yanahitaji dawa yake.

Rafu ya mimea nimeijenga kwa tofali zilizowekwa juu ya mabaki ya mpira, bila kugandishwa. Yungiyungi mawili yako kwenye vikapu chini, matete kwenye rafu. Lengo ni majani yafunike karibu nusu ya uso wa maji. Kivuli hicho ndicho kitakachopunguza ukijani. Kona moja imepangwa mawe kama ngazi hadi usawa wa maji, ili chura au mjusi aliyetumbukia aweze kutoka. Ukingo wa sentimita 65 haumzuii mtoto anayejua kupanda, kwa hiyo wavu wa chuma uko chini ya maji kidogo, umeegemea rafu, na utabaki hapo.

Tulipofika

Bakteria wa kusafisha maji hawanunuliwi siku moja. Uchafu unaooza majini, ukiwemo wa samaki, unatoa amonia, kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linaigeuza kuwa nitrati inayoliwa na mimea. Makundi haya huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawa kwenye chujio. Ninapima kila baada ya siku chache. Amonia imeshapanda na kuanza kushuka, nitriti ndiyo inapanda sasa.

Viluwiluwi vya mbu tayari vimeonekana pembeni, kwenye kona ambayo mkondo wa pampu haufiki. Nimeelekeza mdomo wa bomba huko. Vipimo vya amonia na nitriti vikisoma sifuri, wataingia samaki wadogo watano wa kula viluwiluwi, wala si zaidi ya hao, na wengine watasubiri chujio lizoee mzigo. Kazi ya wiki hii ni kurudishia udongo mwekundu uliobaki kuzunguka ukuta, kwa tabaka za sentimita 15 zilizoshindiliwa kwa mkono, na kuhakikisha unaishia chini ya vile viungo vilivyoachwa wazi.